Sampo ya Sufuria

Asubuhi niliyoondoka Kariokor sikuwa na mpango wowote. Niliamka, nikanusa viganja vyangu, nikaona inatosha. Nilikuwa nimekata matairi ya kutengenezea akala, zile ndala za mpira, hadi harufu ya mpira ikahamia kwenye chai, kwenye mto wa kulalia, na hata kwenye mate yangu. Nikakunja blanketi, nikamrudishia mwenye kibanda kisu chake, nikaaga, nikaenda. Ndivyo nilivyo. Shule niliiacha mapema kwa sababu mwalimu alikasirika kila nilipouliza jambo lisilokuwa kwenye kitabu, na tangu hapo nimekuwa nikihama kazi. Nikishajua kitu kinavyotengenezwa, miguu huanza kuniwasha.

Nilifuata Juja Road bila kujua ninakwenda wapi. Nikapita Mathare, nikakata kupitia Huruma, nikavuka mto ambao maji yake yalikuwa ya kijivu na povu lake la kahawia, nikatokea Kariobangi. Kilichonisimamisha pale ni mwanga. Ndani ya ua uliozungushiwa mabati, wanaume walikuwa wakimimina kitu kizito kinachong'aa kama maziwa ndani ya masanduku ya mchanga.

"Niaje," akaniambia mmoja wao, mzee mwenye nyusi zilizoungua. "Unashangaa kama mtu ameona sinema."

"Hicho ni nini?"

"Jana kilikuwa giaboksi ya lori. Kesho ni sufuria."

Sikuondoka tena. Alikuwa ndiye mwenye karakana, na kila mtu alimwita Fundi. Mimi wakaniita Mgeni, na jina hilo halikubadilika muda wote niliokaa pale. Kazi yangu ilikuwa kuvunja skrapu, vyuma chakavu, kwa nyundo ili vipande vienee ndani ya chungu cha kuyeyushia. Nilivunja pistoni zenye oili iliyoganda, vifuniko vya injini vilivyopakwa rangi, makopo ya dawa ya mbu, na radieta ambazo viungo vyake vilikuwa vimechomelewa kwa risasi, ile metali laini ya kijivu. Vyote viliingia chungu kimoja. Moto wenyewe uliwaka kwa oili chafu ya gereji. Rangi ilipoanza kuungua, moshi uligeuka njano, ukawa na utamu fulani kooni, kama mtu amekulambisha sarafu iliyopakwa asali. Jioni nilitema mate meusi. Nilikuwa nimeikimbia harufu ya mpira, nikaipata hii.

Nyuma ya tanuri, wakigawana ukuta mmoja wa mabati, mke wa Fundi alikuwa na kibanda cha chakula. Sisi sote tulimwita Mathe. Wote wawili walitoka Ukambani wakiwa vijana, na githeri yake, mahindi na maharagwe, ilijulikana hadi kwa makondakta wa kwenye raundabauti. Aliipika ndani ya sufuria za mumewe, kubwa, nzito, nyeusi kwa nje, ambazo alizisugua kwa jivu na mchanga hadi ndani yake ukaona uso wako.

Nilipofika pale, Mathe alikuwa ameanza kukosa wateja. Mtu alikuwa ameona video kwenye simu, ikisema sufuria za jua kali, hizi za mafundi wa mtaani, zinatia sumu kwenye chakula. Akina mama wa kanisani kwake, ambao walikuwa wakimwagiza chakula cha mikutano, wakaanza kumpita kwa salamu ndefu na miguu ya haraka. Makondakta wakafanya utani. "Mathe, leta ile ya sumu, lakini usiweke nyingi, bado niko na watoto." Walicheka, naye alicheka nao, kisha nikamwona anasimama na mwiko mkononi bila kupakua.

"Ni kweli?" akaniuliza siku moja. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake, nyundo magotini.

"Mimi sijui, Mathe."

"Hata mimi sijui. Na mimi ndiye ninayepakua. Watu wanakula kutoka mkononi mwangu. Nataka kujua tu. Hata kama ni mbaya, nijue."

Hakutaka zaidi ya hapo. Alitaka kujua. Na mahali pa kujulia palikuwapo.

Mahali penyewe sisi tulipaita Risachi. Ni taasisi ya utafiti wa viwanda, yenye geti, nyasi zilizokatwa, na mashine za kupima kila aina ya metali. Watu wa Risachi walikuwa wamewahi kuja Kariobangi kabla yangu. Walikuja na gari, bango, na fulana zilizoandikwa kwamba utafiti na jua kali sasa ni ndugu. Waliwaita mafundi "wadau". Wakawaletea tanuri la kisasa, lililochorwa na watafiti wenyewe, likapigwa picha na Fundi akiwa amesimama kando yake na kofia ya plastiki kichwani. Kisha wakaondoka. Tanuri lile lilitaka dizeli safi. Hakuna mtu Kariobangi anayeyeyusha giaboksi kwa dizeli safi. Wangeuliza swali moja wangejua, lakini mwenye kuuliza hakutumwa, na aliyetumwa alikuja kupiga picha. Nilipofika mimi, tanuri la kisasa lilikuwa limesimama kwenye kona ya kibanda cha Mathe, limejaa makaa yake. Alisema ni zuri, panya hawaingii.

Kelele za sumu zilipozidi, mwenye duka mmoja wa soko la Gikomba akakataa kuchukua sufuria zetu hadi zipimwe. Hapo ndipo Fundi alipoamua. "Tutapeleka sampo Risachi," akasema.

Sasa, neno hilo. Kwa mafundi wa Kariobangi, sampo ni kile kipande unachokitundika mlangoni ili mpita njia asimame. Seremala ana sampo ya kiti ambayo hajawahi kumuuzia mtu. Mshonaji ana sampo ya suti ambayo mishono yake hataishona tena maishani. Sampo ni kazi yako siku ambayo Mungu alikuangalia. Kwa hiyo Fundi alifunga karakana nusu siku. Akaenda kwa watu wa madirisha akapata vipande vya alumini mpya, mabaki ya fremu, vyeupe, bila rangi, bila oili. Akaosha chungu. Akachekecha mchanga. Akamimina mwenyewe, akatengeneza sufuria nyembamba na sawasawa ambayo sijaona mfano wake, akaing'arisha hadi mchana wote ukaingia ndani yake.

"Fundi," nikamwambia, "hii si kama zile zingine."

"Bila shaka si kama zile zingine. Ni sampo."

"Lakini wanataka kupima zile tunazouza."

"Mgeni, wewe ukienda kuposa unavaa shati gani? Lile la kuvunjia skrapu?"

Wote wakacheka. Mmoja akauliza kama ndiyo maana sijaoa. Nami nilicheka, kwa sababu lilikuwa jibu zuri, na kwa sababu nilifikiri watu wa Risachi wataliona wenyewe. Watu wamesoma hadi wamevaa makoti meupe. Wataona.

Tulienda asubuhi, Fundi akiwa amevaa koti la Jumapili, mimi nikiwa nimebeba sampo iliyofungwa kwa leso ya Mathe. Pale ukumbini, juu ya meza ya mapokezi, palikuwa na picha kubwa. Alikuwa Fundi, kofia ya plastiki kichwani, tanuri la kisasa kando yake. Chini waliandika habari za teknolojia iliyowafikia wananchi.

"Huyo ni mimi," Fundi akamwambia askari. Akamwambia na mtu wa usafi. Akasimama chini ya picha yake mwenyewe akitabasamu vilevile, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza tanuri linaendeleaje. Nilitaka aseme. Nilitaka aseme lina makaa. Badala yake aliuliza kama anaweza kupata nakala.

Tulipelekwa kwa dada mmoja wa maabara. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Alitukaribisha viti. Alikuwa na chombo kama bunduki ya kuchezea, akakielekeza kwenye sufuria, kikalia, naye akasoma kwenye kioo chake kidogo. Nilisogea kutazama, akanieleza bila kuringa kwamba kinasema ndani ya metali mna nini na nini. Nilifurahi kama mtoto. Nilimuuliza maswali, akajibu. Kwa muda kidogo nilifikiri hapa ndipo mahali ambapo ningepaswa kuzaliwa.

Kisha nikamwambia, "Dada, hii si ile tunayouza."

Fundi akacheka kwa sauti. "Huyu ni mgeni, madam. Bado hajajua kazi."

Dada alinitazama, akamtazama Fundi, akaitazama sufuria inayong'aa. Alijua. Nilimwona anajua. Akaweka chombo mezani taratibu.

"Sisi hupima kinacholetwa," akasema. "Majibu yataandikwa: kama ilivyopokelewa."

"Basi si mje mchukue wenyewe? Kariobangi si mbali."

"Kuja huko ni kazi ya idara nyingine. Idara ya uhusiano na viwanda."

"Wako wapi tuwaambie?"

Hapo alikuwa na haya kidogo. "Wako Naivasha. Wana semina."

"Ya nini?"

Hakutaka kusema. Fundi ndiye aliyemalizia, kwa sababu bango la semina lilikuwa limebandikwa mlangoni nyuma yangu, na yeye alikuwa akilisoma polepole kwa kidole. "Namna... ya kufikisha... utafiti... kwa jua kali," akasoma. Akageuka kwangu. "Unaona? Wanatufikiria."

Sampo ilipita, na ingeshindwaje kupita? Fundi hakuudanganya ulimwengu hata kwa neno moja. Alienda kwa mpiga chapa, akatengenezewa stika ndogo za kijani: IMEPIMWA RISACHI. Na ilikuwa imepimwa. Sufuria moja ilikuwa imepimwa, na stika zikabandikwa kwenye zile za radieta na makopo ya mbu. Mimi ndiye niliyezivunja radieta hizo asubuhi. Mwenye duka wa Gikomba akachukua mzigo wote. Karakana ikawaka moto kuliko mwanzo, moshi ukazidi njano, na wote wakafurahi.

Isipokuwa Mathe. Alikuja na stika moja kidoleni, imenata, akanikuta ninanawa.

"Wewe ulifika huko. Walisema nini kuhusu sufuria zangu?"

"Zako hawakuziona, Mathe. Waliona sampo."

Alikuwa ameiona sampo, aliifunga mwenyewe kwa leso yake. Aliibandika ile stika kwenye nguzo ya kibanda, akaisawazisha kwa kidole gumba kana kwamba ni kitu cha maana, akarudi jikoni.

Siku iliyofuata hakupika. Alichukua sufuria yake kubwa ya githeri, ile iliyokula moto kuliko zote, akaisugua kwa jivu, akaifunga kwa leso ileile, akaniambia twende. Mumewe alikuwa Gikomba. Njia nzima Mathe aliibeba mwenyewe, alikataa nimsaidie.

Pale mapokezi hatukufika hata kwa yule dada. Kijana mwenye tai alifungua leso, akaona weusi, akaifunika tena upesi kama mtu aliyefunua kidonda.

"Mathe, hii imetumika."

"Ndiyo. Naipikia."

"Hatupokei sampuli iliyotumika. Lete mpya."

"Mpya nani anakula ndani yake?" Mathe akauliza. "Watu wanakula hii."

"Halafu wewe ndiye mtengenezaji?"

"Mtengenezaji ni mzee wangu."

"Basi aje yeye. Sisi tunashughulika na wenye viwanda. Mlaji ana ofisi yake, si hapa."

Mathe aliinua macho, akaona picha ukutani. Akaikodolea. Akaninong'oneza kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia, "Hilo si debe langu la makaa?"

Wasichana waliokuwa nyuma ya kaunta wakaangua kicheko. Kijana mwenye tai naye akacheka, kicheko kizuri, cha watu wanaopendana kazini. Mathe hakucheka. Alifunga sufuria yake, fundo la kwanza, fundo la pili. Nyuma ya mlango ule, hatua chache tu kutoka mahali aliposimama, palikuwa na kile chombo kama bunduki. Kingelia mara moja. Angejua papo hapo. Nimelala kwenye mabomba, nimekula mabaki, nimefanya kazi ya kuzibua mitaro ya Dandora kwa mikono, lakini sijawahi kusikia kinyaa kama nilichosikia kwenye ukumbi ule uliopigwa deki vizuri.

Kwa kuwa hakuweza kujua, Mathe alifanya lile ambalo mtu asiyejua hufanya. Alitoka moja kwa moja akanunua sufuria za kiwandani, zile nyembamba, akazipanga kibandani mbele ya mtaa mzima. Zile za mumewe akazifunika zikiwa zimelala kifudifudi, nyuma ya tanuri la kisasa.

Kariobangi nzima ilijua kabla ya chakula cha mchana. Bibi wa mtengeneza sufuria anapikia sufuria za wengine! Utani uliruka kutoka karakana hadi karakana. "Fundi, mathe amekuhama akiwa ndani ya nyumba!" "Buda, yeye anajua nini ambacho hujatuambia?" Waliosema walicheka. Lakini jioni yule wa Gikomba akapiga simu, na simu ile haikuwa ya kucheka.

Fundi alinijia na leso mkononi. Hakunipiga. Ingekuwa heri angenipiga.

"Waliniambia nilete sampo," akasema. "Nilileta sampo. Wangekuja hapa na mikono yao wachote kwenye chungu, ningewakataza? Ningewapa na kiti. Hawakuja. Sasa wewe, mtu wa kupita, unampeleka mke wangu akaonyeshe weusi wetu kwa watu wenye tai."

"Alitaka kujua, Fundi."

"Na amejua?"

Hapo alikuwa amenishika. Nilimchukia kwa stika zake, na nilimchukia zaidi kwa kuwa na haki kwenye hilo moja. Inawezekana sufuria zile hazina neno. Inawezekana ndani yake mna uchafu wa kuua ukoo. Hakuna anayejua, wala yeye, wala mimi, wala wale walioajiriwa wajue.

"Mdomo wako una tundu, Mgeni," akasema. "Nenda ukavujie kwingine."

Asubuhi nilipokuwa nikifunga blanketi, Mathe alinipa githeri kwenye kopo la plastiki. Ilikuwa imeungua, niliinusa kupitia kifuniko.

"Hizi za kiwandani ni nyepesi," akasema. "Zinashika chini upesi. Sijazizoea."

"Utazizoea."

"Hata hizi, sijui kama kuna mtu amezipima." Akafuta mikono kwa aproni. "Nenda salama. Ukisikia kitu huko uendako, uniambie."

Nilishika barabara ya Kangundo nikiwa sijui ninakwenda wapi, lori baada ya lori la mchanga likinipita na kunifunika vumbi. Jua lilipoanza kuuma nilikuwa Komarock. Nilipenda mistari ya nyumba, na hakukuwa na moshi. Mama mmoja Mkikuyu aliyekuwa akiuza nguo za watoto kwenye geti la ploti, ua wa vyumba vya kupanga, akaniuliza kama natafuta nyumba au natafuta mtu. Nikamwambia chumba. Akaniangalia miguu, akaniangalia mfuko, akauliza kama nanywa pombe, kama napiga muziki, na naenda kanisa gani. Kisha akachukua ufunguo.

Kilikuwa chumba cha nyuma, dirisha moja, saruji baridi. "Aliyekuwa hapa ameolewa," akasema, "ameacha vitu vyake vingine, ukitaka tumia." Palikuwa na ndoo, ufagio, na juu ya meza ndogo sufuria nzito, mpya, ndani yake unaona uso wako. Ubavuni ilikuwa na stika ya kijani.

Niliigeuza. Nilijua hata ulegevu wa mpini wake, nilijua ni mkono wa nani uliobana mchanga.

"Hiyo usiogope," akasema mama mwenye ploti. "Imepimwa."

"Nani aliipima?"

"Si imeandikwa hapo? Ama wewe hukusoma?"

"Nilisoma kidogo," nikamwambia, nikapokea ufunguo.

Alipoondoka niliitoa ile sufuria nikaiweka nje ya mlango, kifudifudi, kama Mathe alivyozilaza zake. Nikakaa sakafuni, nikafungua kopo, nikala githeri iliyoungua hadi nikafika chini.